Misumari Mitupu: Sehemu ya Tisa

Wiki jana tulimwacha Mama Bendera jikoni, mkono umezama ndani ya mfuko wa ovaroli ya marehemu mumewe, vidole vimegusa kitu cha baridi. Mmenipigia simu wiki nzima. Mmoja aliniuliza kama ni bastola. Mwingine, mama mtu mzima kabisa, alisema ni pete ya mwanamke wa nje, na kwamba yeye alishajua tangu sehemu ya pili.

Poleni. Kilikuwa kibati.

Kibati cha duara, kinene, kinaenea kiganjani, kimegongwa namba kumi na tisa. Pamoja nacho kulikuwa na kipande cha waya wa shaba, kipya, kimekunjwa nusu pete.

Wewe na mimi tungepiga yowe mpaka majirani wakaja na ndoo za maji. Yeye alikitazama, akakiweka mezani karibu na kopo la sukari, akarudi kusuuza vikombe. Vikombe vinne. Akavisuuza, akavifuta, akavisuuza tena.

Ndivyo alivyo tangu siku ile, na leo ni siku ya ishirini na mbili. Hajatoa chozi. Juzi alikunywa chai ya moto ikamchubua ulimi, na hakujua mpaka kesho yake alipoona ngozi inabanduka. Mama mkwe analalamika chakula hakina chumvi, na mpishi mwenyewe anakila hajui kama inakosekana. Nimeandika hadithi nyingi, sijawahi kupata mjane mgumu kama huyu. Namwandalia kilio, hakichukui.

Kwa wewe uliyepewa gazeti hili dukani limefungiwa sabuni, nakuhadithia upesi.

Klabu ni ya wanachama pekee, na kibao cha langoni kinasema hivyo kwa herufi kubwa kuliko jina la klabu. Ndani kuna barabara ya lami isiyokwenda popote. Inaanzia gereji, inapita kona kumi na moja, inarudi gereji. Wenye magari ya mbio huzunguka humo mpaka wachoke, halafu hukaa kivulini kusimuliana walivyozunguka. Fundi alikuwa mkuu wa gereji. Mkewe, huyu Mama Bendera, husimama kona ya saba kuwaonyesha madereva bendera. Na mdogo wake Fundi, wa pekee, huwafundisha wanachama kuendesha. Yeye tumwite Shemeji, maana ndivyo Mama Bendera anavyomwita.

Sasa kuna kanuni ya vibati, na kanuni hiyo aliianzisha Fundi mwenyewe. Kila gari la mwanachama lina kibati chake chenye namba. Dereva akitaka kuingia barabarani, ananyoosha mkono dirishani na kukitundika kibati kwenye msumari wake ubaoni. Akirudi, anakitwaa. Kwa mkono wake, hatumwi mtu. Misumari yote ikibaki wazi, Mzee wa Ubao anatangaza kwenye redio ya mkononi: "Misumari mitupu." Hapo washika bendera hukunja bendera zao, na watu wa gereji huingia na mifagio kuondoa kokoto kwenye lami.

Siku ile Mzee wa Ubao alitangaza. Fundi akaingia na ufagio wake, hapo hapo mbele ya kona ya saba. Gari namba kumi na tisa likatokea na kumkuta ameinama.

Kumi na tisa ni gari la Mwenyekiti wa klabu. Mwenyekiti alisema mwenyewe, mbele ya jeneza, kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na akalia mpaka akashikwa mabega. Lakini alisema pia kwamba kibati chake kilikuwa kinaning'inia msumarini. Kwa hiyo Mzee wa Ubao macho yamechoka, na Fundi hakuangalia. Uzembe. Leo saa nne asubuhi kamati inakaa kuliandika neno hilo, na mjane anatakiwa kutia sahihi chini yake.

Mama mkwe kila asubuhi anauliza swali moja tu: "Mwanangu alikuwa mzembe?" Na kila asubuhi hakuna anayemjibu.

Haya, turudi jikoni.

Honi ililia mara moja nje. Mama Bendera akachungulia dirishani. Shemeji alikuwa bado kwenye usukani, akainua vidole viwili bila kuachia usukani. Hiyo ni salamu yake kwa shemeji yake tangu siku ya harusi. Wengine huwapa kiganja kizima, huyu humpa vidole viwili, ati ndio mgawo wa mashemeji. Siku zote Mama Bendera humrudishia. Leo mkono wake ulibaki ndani ya beseni.

"Shem, upo tayari?" Shemeji aliingia akijifuta miguu.

"Nipo."

"Mama abaki apumzike. Mikutano ile ni ya kukaa tu, atachoka bure."

"Sijakuomba unibebe," sauti ya mama mkwe ilitoka chumbani. "Miguu ninayo. Nataka kuona mahali alipolala mwanangu. Siku ishirini na mbili mnanizungusha na maneno, leo nitapaona huko barabarani kwa macho yangu."

Shemeji akafungua mdomo kujibu. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia kopo la sukari, na kilichokuwa kando yake. Akasogea mezani.

"Umekipata wapi?"

"Mfukoni mwake."

"Nani mwingine amekiona?"

"Hakuna. Wewe."

Shemeji akavuta kiti, akakaa, akashusha sauti. "Shem, nisikilize vizuri. Hiki kitammaliza kaka. Klabu wanasema hakuangalia ubao, sivyo? Basi wakikiona hiki watasema aliangalia, akakiona kinaning'inia, akakitoa msumarini kwa mkono wake ili afagie mapema arudi nyumbani. Hapo siyo mzembe tena. Ni mtu aliyevunja kanuni yake mwenyewe. Unataka Mama asikie hilo?"

Mama Bendera alifikiri. Lilikuwa jambo la maana, na alilisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani.

"Mzigo wa marehemu nitaubeba mimi," Shemeji aliendelea. "Nipe, nikatupe kwenye pipa la oili chafu. Tia sahihi, tuyamalize, kaka apumzike."

Alipokuwa akisema "nipe" alikuwa ameshakichukua. Kiganja kilikuwa kimefumbwa.

"Kirudishe," Mama Bendera alisema. Hakupandisha sauti.

"Shem."

"Kirudishe, shemeji. Na huu waya je?"

"Waya gani?"

Hakuwa ameuona. Mama Bendera akauokota mezani akaukunja kidogo, ukarudi ulivyokuwa. Shemeji aliutazama ule waya muda mrefu kuliko alivyokitazama kibati. Kisha akakifungua kiganja.

Barua ya Katibu wa klabu, ile iliyomwita kwenye kamati, ilisema pia mjane arudishe vifaa vya klabu: koti moja la rangi ya machungwa, redio moja, bendera mbili. Akavaa koti. Kibati na waya akavitia mfuko wa kulia, redio kiunoni, bendera kwapani, ya njano na nyekundu, zimekunjwa na kufungwa, kila moja kamba yake, kama alivyozifunga siku ile. Hakuwa amezigusa tangu hapo.

Safari naiacha. Gazeti haliniruhusu kuhesabu miti.

Langoni mlinzi aliwafungulia bila kuwatazama. Barabara ilikuwa kimya, maana siku ya kamati hakuna anayezunguka. Mzee wa Ubao alikuwa amekaa chini ya ubao wake na kikombe cha chai, misumari yote wazi juu ya kichwa chake. Alisimama alipowaona.

"Pole tena, mama," alimwambia mama mkwe, akimpa mikono yote miwili. Halafu akamgeukia mjane. "Mama Bendera, nilisema mitupu kwa sababu ilikuwa mitupu."

"Najua, mzee."

"Unajua, au unanionea huruma?"

"Sijui," alisema, na huo ulikuwa ukweli wake wote.

Chumba cha kamati kina dirisha kubwa la kioo linalotazama kona ya saba. Kuna mlango wa pembeni wa kutokea kwenye nyasi. Ukutani kuna makombe, mezani kuna maji ya chupa ambayo hakuna anayeyafungua. Mwenyekiti alikaa katikati, Katibu kulia kwake, wajumbe wengine wakitafuta mahali pa kuweka macho. Mama mkwe akapewa kiti karibu na mlango ule wa pembeni. Mama Bendera akaziweka bendera zake mezani, akakaa mbele ya Katibu. Shemeji akasimama nyuma, ukutani.

Mbele ya kila mjumbe kulikuwa na karatasi ya ajenda. Mama Bendera alisoma yake kichwa chini, kwa kuwa Katibu alikuwa ameiweka kinyume. Ya kwanza: taarifa ya ajali. Ya pili: kumpokea mwanachama mpya. Aliyasoma yote mawili na hakuna lililomgusa.

Katibu akakohoa. "Tumekutana kwa jambo la huzuni. Hatupo hapa kumlaumu marehemu. Tunaandika tu kwamba aliingia barabarani bila kuangalia ubao. Mama, utatia sahihi hapa, na hapa. Mengine tufunike kombe, mwanaharamu apite."

"Na ili mama aridhike," Mwenyekiti alisema kwa upole, "hiki hapa ndicho kibati changu. Ndicho kilichokuwa msumarini saa ile."

Akakiweka mezani. Kumi na tisa. Kinameta.

Haya, msomaji. Vibati viwili, namba moja. Mimi hapo ningekuwa nimeshapanda juu ya meza.

Mama Bendera aliingiza mkono mfukoni, akatoa cha kwake, akakiweka kando ya kile. Taratibu, kama mtu anayepanga sahani.

Mjumbe mmoja akafungua chupa ya maji.

"Hicho umekitoa wapi?" Katibu aliuliza.

"Mfuko wa ovaroli. Mliniletea wenyewe kwenye mfuko wa plastiki. Hamkuupekua."

"Cha kughushi hicho," Mwenyekiti alisema haraka. Haraka mno.

"Mwiteni Mzee wa Ubao," alisema Mama Bendera.

Mzee aliingia amevua kofia. Hakuhitaji miwani. Aliinama mezani, pua karibu na vibati, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Fundi aligonga vibati vyote vya klabu hii kwa nyundo yake. Chapa ya tisa hakuwa nayo, iliharibika zamani. Alikuwa anageuza sita. Nendeni mkaangalie tisa, ishirini na tisa, thelathini na tisa. Zote ni sita zimesimama kwa kichwa, na tumbo lake limeshiba upande wa kushoto." Akakigusa kile cha mjane. "Hii ni sita iliyogeuzwa." Akakigusa kile kinachometa. "Hii tisa imenyooka. Hii imechongwa mjini, na si zamani."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Mwenyekiti ilikuwa na urefu wa meza ile. Lakini msimdharau. Mtu hafiki kuwa mwenyekiti kwa kukosa kona ya kuchomokea.

"Sawa," alisema, akiegemea kiti. "Nilichongesha kingine, nakiri. Cha kwanza kilipotea, nikaona aibu. Lakini sasa tumejua kilikopotelea. Kilikuwa mfukoni mwa Fundi. Yaani mimi niko barabarani, kibati changu kiko msumarini, na yeye akakitoa! Mzee akaona msumari mtupu, akatangaza. Bwana Katibu, andika. Siyo uzembe. Ni makusudi."

Ndicho alichotabiri Shemeji kule jikoni, neno kwa neno. Mama Bendera aligeuza shingo akamtazama. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake, na kwenye koti lake jipya, upande wa kifua, kulikuwa na tundu mbili ndogo za pini, kama za mtu aliyejaribisha beji akaivua.

Katibu alikuwa ameshaanza kuandika.

"Na huu?" Mama Bendera akaweka waya mezani.

"Huo ni nini tena?"

"Ulikuwa pamoja nacho."

Mzee wa Ubao akauchukua, akaupitisha kwenye tundu la kibati. Ukaingia sawasawa. Akabaki ameushika, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Asubuhi ile," alisema polepole, "kumi na tisa ilipokuja kutundika, pete ya kibati ilikuwa imekatika, imefungiwa uzi. Nikamwambia dereva, amevaa helmeti sikuona sura, ukirudi kipeleke kwa Fundi akutilie pete mpya, kitakuja kudondoka. Akaitikia kwa kichwa. Aliporudi akakitwaa, akapita kwenda gereji. Msumari ukabaki mtupu. Nikatangaza, nikaenda kuchukua chai yangu, kama ninavyofanya siku zote nikishatangaza."

"Endelea," mama mkwe alisema. Ndilo neno lake la kwanza mle ndani.

"Basi, mama, Fundi hakukitoa msumarini. Alipewa. Alipewa mkononi na dereva, akitengeneze. Alijua kumi na tisa imerudi kwa kuwa kibati chake alikuwa nacho mfukoni. Ndipo akachukua ufagio. Na huyo dereva akawasha gari tena, akaingia barabarani bila kibati. Mzunguko mmoja wa kupoza breki. Wanapenda sana hivyo. Nimewakataza miaka."

Chumba kizima kilisikia, hata makombe.

"Kwa hiyo mwanangu hakuwa mzembe," mama mkwe alisema.

"Hakuwa, mama."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili. Ningependa kuwaambia alitabasamu, lakini hakutabasamu. Alikunja mikono mapajani, akauliza jingine, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya kitunguu.

"Na aliyempa kibati ni nani?"

Macho yote yakamwendea Mwenyekiti. Jasho lilikuwa limempanda kwenye mdomo wa juu.

"Mwenyekiti," Katibu alisema, kalamu hewani, "ulimpa wewe?"

"Mimi siku ile..." Akamtazama Katibu, akaitazama ajenda, akautazama ukuta wa nyuma. "Kulikuwa na mambo mengi."

"Hakuwa yeye," alisema Mama Bendera.

Alisema hivyo hivyo tu, kama anayekuambia kiti kile kina mtu. Hata mimi niliyemjua sehemu nane nilishtuka, maana hili hakuniambia.

"Nilikuwa kona ya saba. Nimesikia misumari mitupu, nimekunja bendera zote mbili, nafunga kamba. Mume wangu yuko mbele yangu, anafagia, amenipa mgongo. Gari likaja. Dereva amevaa helmeti, kioo kimeshuka, huwezi kuona sura. Aliponiona akafanya hivi."

Akainua vidole viwili.

Mama mkwe alikuwa anazijua salamu za nyumbani kwake. Alivitazama vile vidole, wala hakugeuka nyuma.

"Na mimi nikamrudishia," Mama Bendera aliendelea. "Nilipaswa kujiuliza, gari linafanya nini hapa wakati misumari ni mitupu? Nilipaswa kukunjua bendera. Muda ulikuwepo. Mdogo, lakini ulikuwepo. Mkono wa bendera ni huu wa kulia. Ndio niliompungia."

Akaushusha mkono mezani, ukakaa pale kama kitu cha mtu mwingine.

Sasa mnaelewa kwa nini hakulia? Mimi nimeelewa jana saa ya kuandika, na nimemwomba radhi. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, lakini mwenye kuliwa huwa anajua. Anajua, na anaendelea kusuuza vikombe, maana akiacha kusuuza itabidi aseme.

"Mama," sauti ya Shemeji ilitoka ukutani, imekauka. "Ulikuwa mzunguko mmoja tu. Breki zilikuwa za moto. Zingeganda."

Akatoka ukutani hatua moja.

"Mimi si mwanachama. Asiye mwanachama haruhusiwi kuingia peke yake. Mwenyekiti alinipa gari lake nilijaribu, tukikamatwa anafukuzwa yeye. Akasema atasema ni yeye. Akasema kaka hawezi kurudi kwa maneno yetu. Akasema..." Akagusa tundu za pini kifuani. "Akasema nitapewa uanachama. Nizunguke kama wao."

Katibu alifunika ajenda ya pili kwa kiganja. Amechelewa. Tumeisoma.

"Ulimlilia kaburini," mama mkwe alisema, bado hajageuka. "Uliniambia, mama, nimebaki mimi."

"Mama."

"Mzee," aliita, akimwelekea Mzee wa Ubao. "Hebu nieleze tena, mimi si mtu wa magari. Mtu akitoka kwenda huko barabarani, anafanyaje?"

"Anatundika kibati chake, mama. Kwa mkono wake."

"Na akirudi?"

"Anakitwaa."

Akainuka. Alikuwa mfupi kuliko kiti kilivyofanya aonekane. Akakichukua kile kibati chenye sita iliyogeuzwa, akamwendea mwanawe, akamfumbua kiganja kidole kimoja kimoja, akakiweka, akamfumba.

"Nenda katundike," alimwambia. "Wewe hujarudi bado."

Shemeji alitoka. Hakuna aliyemzuia. Mwenyekiti alianza kusema kitu kuhusu mawakili, Katibu kitu kuhusu utaratibu, wajumbe wakapata sauti zao zote kwa pamoja, kila mmoja alikuwa ametilia shaka jambo hili tangu mwanzo, ati. Mama Bendera alikaa palepale. Ameshasema. Alingoja kusikia chochote ndani yake, hakusikia.

Kisha akasikia injini.

Miaka tisa kona ya saba, anazitambua zote kwa sauti kama unavyotambua hatua za watu wa nyumbani kwako. Ilikuwa kumi na tisa. Watu wengine wakizidiwa hukimbilia chupa, wengine hukimbilia kwa mganga. Huyu alikuwa na mahali pamoja tu pa kuficha uso, ndani ya helmeti.

Mzee wa Ubao alikuwa wa kwanza mlangoni. Akarudi upesi kuliko umri wake.

"Ametundika," alisema. "Ametundika vizuri, kisha ameondoka na gari. Kumi na tisa iko nje."

"Mwacheni azunguke," Mwenyekiti alisema. "Petroli itamwishia."

Mama Bendera aligeuka kumtazama mama mkwe, amwambie asiogope.

Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, na upepo unaingia.

Akakumbuka. Nataka kuona mahali alipolala mwanangu. Leo nitapaona.

Akatazama kupitia kioo. Mama mkwe alikuwa ameshavuka nyasi. Alikuwa anauzunguka ukuta wa matairi wa kona ya saba, mkono mmoja ukiyashika matairi, taratibu, bila haraka ya mtu yeyote. Hajui bendera. Hajui kwamba kibati kikining'inia maana yake lami si mahali pa mtu. Yeye alijua tu kwamba amengoja siku ishirini na mbili.

Mama Bendera alinyakua bendera nyekundu juu ya meza na kukimbia.

Alikimbia, na katikati ya nyasi ulimi ukaanza kumuuma. Ule uliochubuka na chai. Ukamuuma hasa, moto, kama umeungua sasa hivi. Halafu miguu ikamuuma, na kifua, na macho yakajaa maji asione vizuri anakokwenda. Nimemngoja alie sehemu nane, na amechagua wakati huu.

"Mama," aliita. "Mama, rudi."

Mama mkwe alikuwa ameshafika katikati ya lami. Alikuwa ameinama, kiganja kimegusa chini, mahali penyewe hasa, kana kwamba ameonyeshwa. Ameinama na kuipa mgongo kona, kama mwanawe.

Kumi na tisa ikatokea kona ya sita. Haikuwa imepunguza.

Mama Bendera alifika kwenye matairi, kituo chake cha miaka tisa, akasimama mahali anaposimama siku zote. Dereva akamwona. Ndani ya kioo, juu ya usukani, vidole viwili vikainuka.

Safari hii mkono wake haukupunga. Ulishika kamba ya bendera na kuivuta.

Kamba haikufunguka. Ilikuwa na fundo, dogo, gumu, la siku ishirini na mbili. Alilifunga yeye mwenyewe siku ile, mara tu baada ya kurudisha salamu.

Akaliweka fundo katikati ya meno, akapanda juu ya matairi.